Waya wa wenyewe: hesabu na ufundi wa laini ya Wataynikaneyap

Chukua kijiji cha watu mia tano au sita kaskazini-magharibi ya jimbo la Ontario, Kanada. Ni nchi ya maziwa, misonobari na mawe ya granaiti, na barabara ya kupitika mwaka mzima imeishia mbali sana kusini. Tuseme kijiji hiki kinatumia wastani wa kilowati 500, usiku na mchana. Kwa mwaka hizo ni uniti milioni 4.4. Jenereta ya dizeli iliyotunzwa vizuri hutoa kama uniti tatu na nusu kwa lita moja, kwa hiyo kijiji kinahitaji zaidi ya lita milioni 1.2 kila mwaka, na hapo hujahesabu mafuta ya kupasha nyumba joto. Kwa lori la tangi la lita 40,000 ni safari thelathini na moja. Ila lori hilo lina njia kwa wiki chache tu kati ya Januari na Machi, maziwa na vinamasi vikiwa vimeganda.

Watu wa kule wana kanuni ya kupimia barafu: pima unene wake kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa nne. Jibu ni kilo unazoruhusiwa kupitisha. Barafu ya sentimita 100 inabeba tani 40. Ya sentimita 50 haibebi tani 20 bali 10 tu. Barafu inayohesabiwa ni ile ngumu ya samawati. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda, huhesabiwa nusu ya unene wake. Lori lililojaa dizeli hufika tani 54 hivi, kwa hiyo linadai sentimita 116. Baridi ikichelewa na barafu ikaishia sentimita 90, ruhusa inashuka hadi tani 32. Toa tani 20 za lori lenyewe, zinabaki tani 12 za mafuta, yaani lita 14,500 hivi. Safari thelathini na moja zimegeuka themanini na zaidi, na siku za njia hazikuongezeka. Mafuta yatakayobaki kusini yatapandishwa kwa ndege. Katika vijiji vile unene wa barafu ulikuwa na sauti kubwa zaidi katika bei ya umeme kuliko soko la mafuta lenyewe.

Gharama hiyo, kwa sehemu kubwa, haikuonekana kwenye bili ya mwenye nyumba, kwa sababu ililipwa na serikali na kwa ruzuku ya wateja wengine wa jimbo. Alichokiona mwenye nyumba ni kikomo. Matumizi ya kilele yakishakaribia uwezo wa jenereta, hakuna kuunganisha nyumba mpya. Nyumba inajengwa, inaezekwa, inapakwa rangi, halafu inakaa gizani ikisubiri jenereta kubwa zaidi, ambayo nayo inasubiri bajeti na barafu. Pikangikum, kijiji cha watu karibu 3,000, kiliishi hivyo kwa miaka: jenereta zilizochoka, umeme wa kukatika katikati ya majira ya baridi, shule kufungwa siku umeme ukikosekana.

Laini ya Wataynikaneyap ilijengwa kuondoa hali hiyo. Ina urefu wa kilomita 1,800 hivi, vituo vya kupoza umeme 22, na inaunganisha jamii 17 zilizokuwa zinaishi kwa dizeli. Kampuni inayoimiliki ni ya Mataifa ya Kwanza 24, yaani jamii za wenyeji asilia wa eneo hilo, kwa asilimia 51. Asilimia 49 ni ya wawekezaji binafsi, sehemu kubwa ikiwa mikononi mwa kampuni ya umeme ya Fortis. Mkurugenzi wake mkuu wakati wa ujenzi, Margaret Kenequanash, ni mtu wa huko huko, kutoka North Caribou Lake.

Hesabu hizo mbili, 24 na 17, huwachanganya watu. Wamiliki ni wengi kuliko wanaounganishwa kwa sababu laini inapita pia katika ardhi ya jamii za kusini ambazo tayari zilikuwa na umeme wa gridi. Hao nao waliingia kama wenye hisa. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliookoa mradi mzima. Laini ya kilomita 1,800 ikimfuata kila mwenye ardhi kuomba ruhusa, na kila mmoja akabaki na fidia ya mara moja tu mkononi, haitafika. Mwenye ardhi akiwa mwenye laini, mjadala wa njia unabadilika: swali linakuwa ni kona ipi ya ziwa ipitiwe na ipi iachwe kwa sababu kuna makaburi, mitego ya manyoya au mazalia ya samaki. Upembuzi ulianza na ukanda wa upana wa kilomita 2, na ndani yake ukachaguliwa mkuza, yaani njia inayofyekwa ya kupitisha nyaya, wa mita 40. Ule ukanda mpana ndio uliowapa wazee na wawindaji nafasi ya kuusogeza waya kabla wahandisi hawajauzoea ulipo kwenye ramani.

Fedha zilipangwa kwa namna ambayo inafaa kuielewa vizuri, maana ndiyo inayokosekana kwingi. Mwaka 2014 wapangaji wa umeme wa jimbo walichapisha hesabu zao: kati ya jamii 25 za mbali, 21 ingekuwa nafuu kuziunganisha na gridi kuliko kuendelea kuchoma dizeli. Fort Severn, iliyo karibu na pwani ya Hudson Bay, ni mojawapo ya zile ambazo waya haukulipa. Mwaka 2016 serikali ya Ontario ikaiteua Wataynikaneyap kuwa msafirishaji. Machi 2018 serikali ya shirikisho ikaahidi dola za Kanada bilioni 1.6. Jimbo likaongeza mkopo wa ujenzi usiozidi dola bilioni 1.34, na Oktoba 2019 mikataba ya fedha ikafungwa. Gharama ya mradi ilikadiriwa kuwa dola bilioni 1.9.

Kwa nini fedha za umma ziwe nyingi hivyo kama laini ni nafuu kuliko dizeli? Kwa sababu ya namna msafirishaji wa umeme anavyolipwa Ontario. Bodi ya Nishati huangalia thamani ya mali iliyowekwa, inaruhusu mapato yanayotosha kulipa riba, uchakavu, uendeshaji na faida ya mwenye mtaji, halafu mapato hayo yanagawanywa kwa wateja. Gawanya laini ya bilioni 1.9 kwa vijiji 17, hakuna nyumba itakayoweza kulipa. Mchango wa serikali hupunguza ile thamani inayohesabiwa kwenye bei. Kinachobaki kimegawanywa njia mbili: kipande cha kusini, kinachoimarisha gridi hadi mji mdogo wa Pickle Lake, kinalipwa na watumiaji wote wa jimbo kupitia bei ya pamoja ya usafirishaji, na vipande vya kwenda vijijini vinalipwa kupitia ruzuku ile ile ya jimbo ambayo zamani ilikuwa ikinunua dizeli. Mlipaji habadiliki sana. Kilichobadilika ni kwamba pesa iliyokuwa inateketea kwenye bomba la moshi sasa inalipa mali, na zaidi ya nusu ya mali hiyo ni ya vijiji. Mpango uliokubaliwa unawapa nafasi ya kufikia asilimia 100 katika miaka 25.

Hisa nazo hazinunuliwi kwa maneno. Jamii isiyo na akiba hukopa fedha za kununulia sehemu yake, na katika miaka ya mwanzo gawio kubwa linakwenda kwenye deni hilo. Kiongozi anayewaahidi watu wake kwamba laini itawajazia mfuko mwaka wa pili anajitafutia matatizo.

Sasa ujenzi. Kipande cha kwanza kuona umeme kilikuwa cha Pikangikum: kilomita 117 kutoka Red Lake, kilichowashwa Desemba 2018 kwa fedha za shirikisho dola milioni 60. Kilijengwa kwa vipimo vya kilovolti 115 lakini kikaanza kwa kilovolti 44, kwa sababu kituo kikubwa cha Red Lake cha kukilisha kilikuwa hakijajengwa. Ni ujanja mzuri. Vikombe (vile vinavyotenga waya na mnara) na umbali kati ya nyaya unaweka vya msongo mkubwa, yaani volteji kubwa, tangu siku ya kwanza, unakula umeme mdogo unaopatikana, na siku kituo kikikamilika hupandi tena kwenye minara kubadilisha kitu. Kipande kikuu cha kusini, kilomita 300 za kilovolti 230 kutoka Dinorwic, mashariki ya Dryden, hadi Pickle Lake, kiliwashwa Agosti 2022. Kutoka Pickle Lake na Red Lake ndipo matawi ya kilovolti 115, 44 na 25 yanapoingia kaskazini. Mradi ulikamilika 2024, baada ya kucheleweshwa na korona na moto wa misitu.

Vinamasi vya huko havibebi gari wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kazi nzito ya kukata mkuza, kusogeza vyuma na kupeleka transfoma hufanywa kwenye baridi kali, pale pale kwenye njia za barafu zilizopitisha dizeli. Njia hizo hutengenezwa: theluji inakwanguliwa kwa sababu ni blanketi linalozuia baridi kushuka, halafu maji yanapigwa pampu juu ya barafu ili yagande tabaka kwa tabaka. Dereva naye hukatazwa mwendo wa kasi na kufuatana karibu na mwenzake. Lori linapotembea linasukuma wimbi la maji chini ya barafu, na likikimbia sawa na wimbi hilo, barafu inapasuka hata kama ni nene ya kutosha kwa uzito. Mahali pasipofikika hata kwa baridi, minara imepelekwa kwa helikopta, na ndiyo maana minara myepesi inayosimama kwa msaada wa nyaya za stei inafaa sana nchi ile.

Msingi unategemea unachokikuta. Kwenye granaiti unatoboa, unaingiza nondo, unajaza zege laini. Ukivuta nondo ya majaribio na isipotoka kwa uzito uliopangwa, umemaliza. Kwenye kinamasi unapigilia nguzo za chuma hadi ufike udongo mgumu, na kina hicho hukijui kabla ya kupima kila sehemu. Hatari ya kinamasi ni baridi yenyewe. Udongo wenye maji ukiganda unavimba, unaushika msingi ubavuni na kuuinua. Ukiyeyuka, uchafu unaingia kwenye nafasi iliyobaki chini na msingi haurudi ulipokuwa. Milimita chache kila mwaka zinatosha, baada ya miaka kumi, kulegeza stei upande mmoja na kuikaza upande wa pili. Dawa ni kushusha msingi chini kabisa ya kina kinachoganda, na sehemu ya juu kuifanya laini ili udongo usipate pa kushikia.

Tuutazame waya wenyewe. Umefungwa kati ya minara iliyoachana mita 300, siku ya nyuzi 20, ukapewa mbonyeo wa mita 6 katikati. Ukipiga hesabu, waya huo ni mrefu kuliko mstari ulionyooka kwa sentimita 32 tu. Ikija siku ya nyuzi 40 chini ya sifuri, waya wa alumini wenye kiini cha chuma unataka kufupika kama sentimita 34. Akiba yote ya urefu imekwisha, na zaidi. Kinachouokoa usikatike ni kwamba chuma kinavutika kidogo na mbonyeo unabaki mdogo, lakini mvuto unapanda mno, na mnara wa kona unaupokea wote. Fundi aliyeukaza waya kwa jicho, bila jedwali la joto la siku hiyo, madhara ya kazi yake yataonekana Januari. Akiulegeza kupita kiasi, yataonekana Julai, waya ukining'inia karibu na vichaka. Waya uliokazwa na baridi pia unatetemeka kwa upepo mdogo wa mfululizo na kujichosha pale unapoingia kwenye kishikio. Ndiyo sababu ya vile vizito viwili vidogo unavyoviona karibu na kila mnara.

Wengi hudhani ugumu wa laini kama hii ni kufikisha umeme wa kutosha. Katika laini hii ugumu mkubwa ni kuuzuia msongo usipande. Laini ndefu ni kama kapasita: nyaya na ardhi huhifadhi chaji, na kilovolti 115 huzalisha kwa kila kilomita takriban kilovari 45 za umeme riaktivu, ule unaozunguka bila kufanya kazi. Tawi la kilomita 100 linazalisha megavari 4.5, wakati kijiji kilicho mwishoni kinatumia megawati moja au mbili. Kile kipande cha kilovolti 230 chenye kilomita 300 kinazalisha zaidi ya megavari 50. Ukikiacha bila mzigo wowote, msongo wa kilovolti 230 unaoingia kusini utafika karibu 248 upande wa kaskazini, hata kama chanzo ni imara. Chanzo kikiwa dhaifu, unapanda zaidi, na kila tawi linaongeza lake. Kwenye gridi ya mjini, mzigo mkubwa humeza ziada hiyo. Hapa mzigo ni mdogo na kilomita ni nyingi.

Kwa hiyo vituoni kuna riakta, yaani koili kubwa zinazofungwa kati ya laini na ardhi kuimeza ziada hiyo. Utaratibu wa kuwasha hauna njia ya mkato. Riakta inaunganishwa kwanza, ndipo breka ya laini inafungwa. Unasoma msongo upande wa mbali. Ukitulia, unakwenda sehemu inayofuata. Ukifunga laini kwanza na kuwaza riakta baadaye, vikombe na vizuia radi ndivyo vitakavyokupa jibu. Kuwasha transfoma ni mtihani wa pili. Chuma cha ndani kinaweza kushiba sumaku na kuvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, na kwenye ncha ya laini dhaifu hilo linazamisha msongo wa wote walioko njiani. Breka za kisasa hufunga kila fezi peke yake kwa wakati uliopimwa, pale msongo wake ukiwa kileleni, na mkondo huo unapungua sana.

Baridi inaingia hadi ndani ya breka. Gesi ya SF6 inayozima cheche huanza kugeuka kimiminika inapokaribia nyuzi 40 chini ya sifuri, kutegemea shinikizo lake. Shinikizo likishuka, relei, yaani kifaa kinachoiamuru breka, inaizuia isifanye kazi kabisa. Unachagua: mablanketi ya umeme kwenye matangi, au gesi iliyochanganywa na nyingine isiyoganda kirahisi, ambayo uwezo wake wa kuzima ni mdogo. Mablanketi yanahitaji umeme, na umeme ukiwa umekatika kwa saa nyingi, kituo kinabaki na betri zake tu, ambazo nazo hupoteza nguvu kwa baridi. Kwa hiyo chumba cha betri ni cha kwanza kuwekewa joto, si ofisi.

Hitilafu zenyewe ni za aina chache na zote zina sababu ya kijiografia. Laini ni kama mti: shina moja na matawi. Radi ikipiga karibu na shina, vijiji vyote vya mbele vinazimika. Granaiti haipitishi umeme vizuri, na udongo ulioganda hali kadhalika, kwa hiyo mkondo wa radi ukiteremka kwenye mnara unakosa pa kwenda na kurukia waya wenyewe kupitia vikombe. Vyuma vya ethi vya mita tatu, tulivyozoea kupigilia kwenye udongo wa kwetu, havisaidii juu ya jiwe. Huzikwa nyaya ndefu za ethi zinazotambaa makumi ya mita kufuata mkuza mpaka zipate kinamasi. Kugundua hitilafu nako si rahisi. Kwenye ncha ya laini ndefu, mkondo wa hitilafu unaweza kuwa mdogo karibu sawa na mkondo wa kijiji siku ya baridi, hivyo fyuzi na relei ya kupima mkondo pekee haiwezi kutofautisha. Relei za pande mbili za laini lazima zizungumze, zilinganishe kinachoingia na kinachotoka, na njia yao ya kuzungumza ni nyuzi za mwanga ndani ya waya wa ethi ulio juu ya minara.

Halafu moto. Pikangikum walihamishwa kwa moto wa msitu 2019, na 2021 ulikuwa mwaka mbaya kwa eneo zima, kazi ilisimama. Moshi mzito na masizi kwenye vikombe vinaweza kusababisha laini iruke hata pasipo mwali karibu, na wazima moto hawapaswi kuingia chini ya waya ulio hai. Mkuza wa mita 40 husaidia, ila ukataji wa vichaka hauishi. Jamii nyingi hazitaki dawa ya kuua magugu kwenye ardhi wanakochuma matunda na kuwinda, na mwenye laini akiwa ni wao, hilo linaingia kwenye mpango wa matengenezo: kufyeka kwa mikono na mashine, gharama kubwa zaidi, na ajira kwa vijana wa kijijini.

Kwa sababu ya hayo yote, jenereta za dizeli hazikung'olewa zote. Vijiji vimewekewa mpango wa akiba. Jenereta ya akiba ina masharti yake. Ukiiwasha kila mwezi kwa dakika kumi bila mzigo, unaiua taratibu: mafuta yasiyoungua yanajaa kwenye bomba la moshi na pete za pistoni zinashika kaboni. Ipe angalau theluthi ya uwezo wake na iache ipate joto. Dizeli iwe ya daraja la baridi, vinginevyo nta inaziba chujio asubuhi unapoihitaji. Na kabla haijaingia kazini, swichi ya kuelekea laini kuu iwe imefunguliwa na kufungwa kufuli. Transfoma haijui upande: umeme wa jenereta ya kijiji ukirudi nyuma, unapandishwa hadi kilovolti 115 kwenye waya ambao fundi, kilomita 80 mbali, anadhani umekufa.

Umeme ukirudi baada ya saa sita za baridi, usifunge fida zote, yaani laini za kwenda mitaani, pamoja. Katika hali ya kawaida hita na friji za nyumba zinapokezana. Baada ya giza refu zote zinadai kwa mkupuo, na mzigo unaweza kuwa maradufu au zaidi ya ule uliokatika. Fida ya kituo cha afya na pampu za maji kwanza, subiri nusu saa, kisha mtaa mmoja, kisha mwingine.

Mipaka ya umiliki nayo isemwe. Wataynikaneyap inamiliki usafirishaji tu. Nyaya za mitaani, mita na bili ni kazi ya Hydro One Remote Communities, kampuni ya usambazaji iliyokuwa ikiendesha dizeli katika jamii nyingi. Jamii kadhaa zilikuwa na mashirika yao madogo ya umeme, na kabla ya kuunganishwa ziliyakabidhi kwa kampuni hiyo. Nguzo zilizooza zikabadilishwa, nyumba zikakaguliwa waya kwa waya. Palikuwa na hasara ya mamlaka hapo, hata kama huduma iliboreka, na sidhani hilo limejadiliwa vya kutosha. Bei anaipanga mdhibiti, si baraza la kijiji.

Hawa hawakuwa wa kwanza. Pwani ya magharibi ya James Bay, Five Nations Energy inamilikiwa kwa asilimia 100 na Mataifa ya Kwanza matano na haigawi faida. Laini yake ya kilovolti 115, kilomita 270 kutoka Moosonee, ilifika Fort Albany na Kashechewan 2001 na Attawapiskat 2003. Huko Nunavut, kaskazini ya mbali ya Kanada, shirika la Wainuiti liitwalo Nukik linapigania laini ya kilomita 1,200 kutoka jimbo la Manitoba, yenye umeme na nyuzi za intaneti kwa pamoja.

Msomaji wa Marsabit atauliza kwa nini waya wa Loiyangalani hadi Suswa unapita juu ya manyatta yasiyo na taa. Sehemu ya jibu ni ya kiufundi. Ule ni wa kilovolti 400, umejengwa kuondoa megawati 310 za upepo. Kushusha kilovolti 400 kwa ajili ya kilowati mia mbili kunadai transfoma na breka za bei ile ile ambayo mji mzima ungelipa. Wataynikaneyap ilichagua 115, 44 na 25 kwa sababu waliokaa mezani kuamua msongo ndio waliokuwa wanasubiri taa. Ukishaamua msongo, umeshaamua nani ataweza kuchomoa umeme njiani, na uamuzi huo hufanyika miaka mingi kabla ya nguzo ya kwanza.

Upande wa mashariki ya laini hii bado kuna jamii tano ambazo hazijaunganishwa: Eabametoong, Marten Falls, Neskantaga, Nibinamik na Webequie. Ziko upande wa madini ya Ring of Fire, na mazungumzo ya umeme wao yamefungamana na barabara za migodi, jambo ambalo baadhi yao wanalitaka na wengine wanalipinga. Kwa sasa malori yao ya dizeli bado yanapimiwa barafu.